Zima picha, washa muziki: ninavyopata visa vya filamu fupi

Kalamu ikigoma, usikimbilie kutazama filamu ya mtu. Utaiba bila kujijua. Mimi nimeshaiba vya kutosha. Siku hizi nachukua muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu nisiyoijua, nausikiliza bila picha, na kichwa kinalazimika kujichorea chenyewe. Unahitaji daftari, spika za masikioni na saa moja hivi.

Hatua ya 1: Tafuta muziki wa filamu ambayo hujaitazama

Sharti hili halina mjadala. Ukishaitazama, kila ukisikia muziki wake unarudishiwa sura za waigizaji walewale. Tafuta mtandaoni kwa jina la mtunzi: Ennio Morricone, Bernard Herrmann, Hans Zimmer. Chagua kipande cha dakika tatu au nne kisicho na maneno, ukipakue kabisa. Tangazo la mikopo likiingia katikati, ndoto imekwisha.

Hatua ya 2: Sikiliza mara ya kwanza, mikono mitupu

Usiandike kitu. Kaa mahali watu wanapopita. Mimi napenda pantoni ya Kigamboni, upande wa upepo. Wapo wanaojifungia chumbani. Huku kwetu Sinza, redio ya jirani haikubali.

Hatua ya 3: Sikiliza tena, andika vitendo

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanaandika "huzuni", "matumaini". Hayo hayapigiki picha. Andika kinachotendeka.

Siku moja nilikuwa na kipande cha piano, noti mojamoja zilizoachana sana, kisha nyuzi za sauti nzito zikaingia chini yake. Mbele yangu pale pantoni alisimama mzee amebeba kichwa cha cherehani, amekifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Kila noti ilipogonga, ni kama alikuwa anakihamisha mkono. Nikaandika: "Anahamisha mzigo. Hataki kuuweka chini. Nafasi ya kukaa ipo, hakai." Halafu swali: anampelekea nani? Tulipofika ng'ambo nilishakuwa na mzee anayerudisha cherehani ya marehemu mkewe kwa wakwe zake. Pengine alikuwa anaipeleka kwa fundi tu. Hilo si shauri langu.

Hatua ya 4: Badilisha muziki, picha ibaki ileile

Sasa weka kipande cha kasi, violini zinakimbizana. Mzee yuleyule, kanga ileile, na ghafla cherehani ni ya wizi. Nguvu hiyo wenye kazi yao wanaijua. Kwenye filamu ya Psycho ya mwaka 1960, mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka tukio la mauaji bafuni lipite bila muziki. Herrmann akaandika zile violini zinazopiga mayowe hata hivyo, na Hitchcock alipozisikia akakubali. Kwenye filamu ya Jaws ya 1975, papa wa mashine alikuwa anaharibika mara kwa mara, basi noti mbili za mtunzi John Williams zikawa ndizo papa. Humwoni, lakini miguu umeshaikunja kwenye kochi.

Andika matoleo yote mawili, uchague lenye swali linalokusumbua zaidi. Mimi mwizi nilimwacha aende zake.

Hatua ya 5: Zima, andika kimyakimya

Andika tukio zima bila muziki wowote. Likisomeka baridi, ujue hisia zilikuwa za mtunzi, zako bado. Rudi hatua ya 3.

Na muziki wa watu usiutie kwenye filamu yako bila ruhusa. Niliwahi kufanya hivyo. Nilipoipakia, sauti ikafungwa yote, watazamaji wakabaki kusoma midomo. Tafuta mpiga zeze au marimba, Bagamoyo si mbali. Ukimpata, usimsomee orodha ya matukio, mweleze nani na nani na kinachowauma. Mwongozaji Christopher Nolan alimpa Zimmer ukurasa mmoja tu kuhusu mzazi na mwanawe, hakumwambia kwamba filamu ni ya anga za juu. Muziki wa filamu hiyo, Interstellar ya 2014, ulianzia hapo.

Sisi hela ya mpiga zeze haikutosha. Tulirekodi cherehani ya mama wa nyumba ya pili, tukaipunguza mwendo hadi ikawa inagonga polepole, tukaiweka pale mzee anapovuka.