Dakika 9 za sayansi uwanjani: jinsi ya kuandaa kikundi cha washangiliaji wanasayansi Mbeya na Iringa

Marekani jambo hili lina jina. Darlene Cavalier, aliyekuwa mshangiliaji wa timu ya kikapu ya Philadelphia 76ers, alianzisha Science Cheerleader, kundi la washangiliaji wa ligi kubwa za huko ambao kazi zao ni za sayansi na uhandisi. Huku kwetu mahali pake ni mapumziko ya mechi: Sokoine mjini Mbeya, Samora mjini Iringa, au bonanza la shule za kata.

Mapumziko ni dakika 15, ila ninyi pangeni 9. Mwanzoni watu wananunua karanga, na mwishoni wachezaji wanarudi kupasha misuli. Ombeni kibali kwa wenye uwanja na kwa kamishna wa mchezo mapema, na mkae pembeni mwa uwanja, msikanyage nyasi.

Tafuteni wanawake 6 hadi 8 wanaoishi kwa sayansi kweli: mtaalamu wa maabara wa hospitali, fundi wa mamlaka ya maji, mtafiti wa mbegu kutoka TARI Uyole, mhadhiri wa MUST au wa Mkwawa, afisa ugani. Kila mmoja aombe ruhusa kwa mwajiri wake. Msiwavalishe wacheza dansi makoti meupe ili waigize. Mtoto akiuliza swali moja tu pale getini, uongo unajulikana, na hatamwamini tena hata mwanasayansi wa kweli. Kucheza kunafundishika: mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki tano yanatosha kwa hatua nne rahisi, kila moja kwa hesabu ya nane.

Mavazi: suruali ya michezo, fulana, kitenge kiunoni. Vishada vya mkononi tengenezeni kwa vitambaa vinavyobaki kwa mafundi cherehani. Msitumie mifuko ya plastiki: imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Kateni vipande 80 vya sentimita 60, vikunjeni katikati, fungeni kwa kamba ngumu. Vikiwa vichache, kutoka jukwaani havionekani.

Kiitikio ndicho moyo wa onyesho. Kibebe jambo moja tu, tena ambalo mtazamaji analiona jikoni kwao:

Kiongozi: Maji ya Mbeya yachemka ngapi?
Wote: Tisini na nne!
Kiongozi: Na ya Pwani je?
Wote: Mia kamili!
Kiongozi: Nani kayapunguza?
Wote: Hewa ya mlimani!

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu inagandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko ya Pwani, kwa hiyo yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, na ndiyo maana maharage huku yanakula kuni. Kila mita 300 za kupanda huondoa karibu nyuzi 1. Kwa hiyo Iringa mtasema tisini na tano.

Mpiga ngoma asizidi mita 10 kutoka kwa wachezaji. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Spika ikiwa ng'ambo, mita 100, mdundo unachelewa karibu theluthi ya sekunde, na kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo ni zaidi ya nusu pigo. Mstari utavurugika hata kama wote wamefanya mazoezi vizuri.

Kisha kila mmoja aseme kwa sekunde 15, maneno yasiyozidi 30: jina, kazi, na mchepuo aliosoma. "Nilisoma PCB" au "nilianzia VETA" inamsaidia binti wa kidato cha pili kuliko hotuba ndefu.

Malizieni na roketi ya chupa. Chukueni chupa ya soda ya lita 2. Ya maji ya kunywa ni nyembamba, inaweza kupasuka. Tieni maji theluthi moja, kama mililita 650. Yakizidi, hewa ya kuyasukuma inakosa nafasi. Yakipungua, msukumo unakwisha mapema. Toboeni kizibo cha mpira, pitisheni sindano ya kujazia mpira hadi ncha itokeze ndani ya chupa, kisha ungeni pampu ya baiskeli kwa mrija wa mita 5. Lowesheni kizibo kabla ya kukikaza, kwani kikavu huvujisha hewa. Chupa ikae kichwa chini kwenye kigoda cha nondo, ikielekea kidogo katikati ya uwanja, mita 20 kutoka kwa watu. Mpiga pampu avae miwani ya kinga. Isiporuka, asiisogelee wala kuinama juu yake: achomoe mrija upande wa pampu, asubiri hewa itoke. Wakati inapaa kiongozi apige kelele: "Maji chini, chupa juu!" Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, na inatosha.

Juni na Julai baridi ni kali, pasheni misuli dakika 10 kabla ya kuingia.

Baada ya filimbi ya mwisho wekeni meza karibu na geti la kutokea, kila mmoja na kifaa chake: hadubini, mita ya maji, mbegu za maharage. Hapa pangeni saa nzima. Wasichana wengi hawaulizi mbele ya umati, kwa hiyo mmoja wenu asimame kando ya meza, hatua chache, bila kipaza sauti.