Nyoka wa nyumba mchanga aliyegoma kula: tulivyofanya hapa Tabora

Mwezi wa saba kijana mmoja wa Isevya alinipigia simu, sauti imemkauka. "Shikamoo kaka. Leo siku ya 26, hajagusa kitu." Nyoka mwenyewe ni yule wa kahawia asiye na sumu, mwenye michirizi miwili ya rangi ya maziwa kila upande wa kichwa, anayeingia majumbani kufuata panya. Huyu wake hafiki hata rula ya mwanafunzi. Nikamwambia, marahaba, tulia mdogo wangu, mimi yalinikuta hayohayo.

Kabla ya yote: kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kiwepo. Na awe nyoka aliyetambuliwa na mtu anayejua. Kuna kadogo keusi kanakofanana na hawa wapole, meno yake ya sumu yanachomoza ubavuni mwa mdomo, kanakuchoma hata ukiwa umekashika nyuma ya kichwa.

Hatua ya 1. Mwache. Siku 7 bila kumshika. Mpe maji na kificho. Kigae cha chungu kinatosha. Macho yakiwa na ukungu anakaribia kujivua gamba, usihangaike na chakula.

Hatua ya 2. Joto. Upande mmoja wa boksi nyuzi 30, mwingine 24 au 25. Usiku wa kipupwe hapa kwetu unashuka mpaka nyuzi 15 hivi, na nyoka aliyepoa hasagi chakula. Kinamwozea tumboni, anatapika. Kipimajoto kilale sakafuni alipolala yeye, kisining'inie juu. Balbu ya kulelea vifaranga siipendi, inamulika usiku kucha. Tumia mkeka wa joto chini ya theluthi moja ya boksi, tena wenye kidhibiti, la sivyo utamuunguza tumbo. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa khanga, nje ya boksi.

Hatua ya 3. Panya. Mchanga wa siku moja au mbili, mwekundu, bila manyoya, asizidi unene wa nyoka mwenyewe. Awe amekufa, wa kufugwa. Wa mtegoni hapana, huenda kala sumu.

Hatua ya 4. Harufu ya mjusi. Hapa ndipo nilipopoteza mwezi mzima na nyoka wangu wa kwanza. Nilibadilisha boksi, nikabadilisha saa, nikabadilisha panya. Usiku mmoja mjusi kafiri akapita nje ya boksi, juu ya plastiki. Yule nyoka aliyekuwa amelala kama uzi akainua kichwa, ulimi ukaanza kutoka harakaharaka, akamfuata mjusi kwa kichwa kutoka kona hii hadi ile. Kumbe hakugoma! Nyoka hawa wakiwa wachanga porini hula sana mijusi. Panya alikuwa bado hamjui kama chakula.

Lakini usimpe mjusi mwenyewe. Ana minyoo, halafu nyoka akishamzoea atakukatalia panya kwa miezi. Unachotaka ni harufu tu. Jioni mkamate mjusi karibu na taa kwa kitambaa. Mara nyingi atakuachia mkia. Mwache aende zake, mkia uweke friza, utautumia wiki nyingi. Nyumba iliyopuliziwa dawa ya mbu au mende, usichukue mjusi wa hapo.

Sasa mwoshe panya kwa maji ya uvuguvugu ili harufu yake ipungue. Mimi mara ya kwanza nilitumia sabuni ya kufulia, nyoka akajibanza konani mpaka asubuhi. Maji matupu yanatosha. Mkaushe vizuri. Yeyusha mkia, mpake panya puani na kichwani, sugua hasa, usipitishe tu. Kisha mpashe panya moto ndani ya mfuko uliofungwa, kwenye maji ya nyuzi 40 hivi, asilowe.

Chukua kikopo cha plastiki, kile cha siagi, kitoboe matundu madogo. Weka karatasi, panya, halafu nyoka. Funika, kiweke upande wenye joto, zima taa, nenda kalale. Watu wengi wanasema umtikisie panya kwa kibano. Kwa nyoka mkubwa sawa, huyu mdogo anaona anashambuliwa.

Na usichungulie. Yule kijana usiku wa kwanza alimulika kwa tochi ya simu mara nne, basi, hakuna kilicholiwa. Asubuhi tupa panya, usimrudishe friza, subiri siku 5 ndipo ujaribu tena. Usiku wa pili hola. Wa tatu, saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita: "Kaka, panya simwoni, na kifuniko hakijaguswa." Nikamwuliza tumbo likoje. "Lina kifundo katikati."

Akishakula mara tatu, punguza: paka puani peke yake, kisha acha kabisa. Akikataa, rudi nyuma hatua moja.

Hatua ya 5. Baada ya kula. Saa 48 usimshike. Mlo mwingine siku ya 6 au ya 7.

Hatua ya 6. Mizani. Mpime kila wiki kwa mizani ndogo kama ya sonara, ya jikoni haitamwona. Akipungua moja ya kumi ya uzito wake, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kumshindilia chakula mdomoni sikuelekezi hapa. Taya lake ni jembamba kuliko njiti ya kiberiti.