Usidanganywe na "s" ya mwisho

Katika Kiingereza, "s" kwenye nomino huonyesha wingi, lakini kwenye kitenzi cha wakati uliopo huonyesha umoja: "The boy runs", "The boys run". Wengi hukosea nomino nyingine inapoingia katikati. "One of my brothers live here" si sahihi. Kiima ni "one", kwa hiyo andika "lives". Funika kwa kidole maneno kuanzia "of" hadi kabla ya kitenzi, kisha soma tena. Lakini njia hiyo haifai kwa "a lot of" na "some of", ambapo kitenzi hupatana na nomino iliyo baada ya "of": "Some of the books are torn". "News" huchukua "is", "police" huchukua "are". Na "information" haina wingi, ingawa sisi husema taarifa hizi.