Baiskeli milimani Lushoto: jinsi ya kupata njia tulivu na kuimaliza salama

Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto ina kilomita 33 hivi na hupanda karibu mita 1,000. Wengi wanaokuja na baiskeli huanza nayo kwa sababu ndiyo wanayoijua, wakafika juu hoi, wamepigiwa honi njia nzima, wakaondoka wakisema Usambara si mahali pa baiskeli. Mimi naendesha milima hii mwaka hadi mwaka, na huwa naumia kusikia hivyo. Zipo njia za vijijini huku ambazo utaendesha saa nzima bila kupishana na gari, mkono mmoja migomba, mkono mwingine bonde. Ila njia tulivu huipati kwa kutazama ramani peke yake. Unaipata kwa kujua saa, kujua siku, na kuuliza wenyeji.

Hatua ya 1: Kagua breki kwanza

Wageni huniuliza habari za gia. Mimi nawauliza habari za breki, maana mlima ukikushinda kupanda utashuka usukume, lakini ukikushinda kuteremka hakuna wa kukusaidia.

Bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote. Ukigusa usukani, waya umelegea: kaza. Tazama raba za breki. Mifereji yake ikiwa imefutika, badilisha kabla ya safari, na beba nyingine mbili mfukoni. Chunguza waya pale unapoingilia kwenye mkono wa breki, maana ndipo nyuzi zinapoanza kukatika moja moja. Kisha pangusa ringi kwa kitambaa kikavu. Tone moja la mafuta ya mnyororo kwenye ringi linatosha kuharibu kila kitu.

Hili nilijifunza kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nateremka kutoka Soni kwenda Mombo, breki nimezibana mfululizo kwa sababu ya woga. Ringi ya mbele ikapata moto kiasi kwamba solusheni ya kiraka cha zamani ikalegea ndani ya tairi. Upepo ukaisha kwenye kona. Nilianguka upande wa mlimani, nikachubuka goti na kiwiko. Upande wa pili ulikuwa korongo. Nilipoigusa ringi iliniunguza vidole. Tangu siku ile siteremki milima hii na tyubu yenye kiraka mbele. Kiraka nakiweka nyuma, mbele naweka tyubu nzima.

Hatua ya 2: Gia ndogo kuliko unavyodhani

Meno madogo kabisa ya mbele yawe sawa na meno makubwa ya nyuma, au pungufu. Mathalani 28 mbele na 34 nyuma itakufikisha karibu popote. Ukiwa na Phoenix isiyo na gia, bado njoo: wenyeji wanapanda nazo kwa kusukuma na kuteremka na mzigo wa viazi, na wanafika.

Hatua ya 3: Usome mlima kabla hujaupanda

Pakua ramani ya simu inayofanya kazi bila intaneti na yenye mistari ya kimo, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Zile zinazotumia data za OpenStreetMap zinaonyesha hata vichochoro vya mashambani. Hesabu yake ni nyepesi. Mistari ikiwa inapishana mita 20, na njia yako ikakata mistari mitano ndani ya kilomita moja, umepanda mita 100, yaani asilimia 10. Mtu wa kawaida mwenye gia nzuri huumaliza mwinuko wa asilimia 10 akihema. Ikifika 15 kwenye udongo, jiandae kusukuma. Mombo hadi Lushoto, kwa wastani, ni asilimia 3 tu, na ndiyo maana nasema kinachowachosha watu kule si mlima, ni magari.

Kumbuka na baridi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Ukiondoka Mombo unatiririka jasho, kule Magamba, juu ya Lushoto, asubuhi utatafuta koti. Juni na Julai usije bila glavu. Vidole vilivyokufa ganzi havibani breki.

Hatua ya 4: Jua saa ya Fuso na siku ya gulio

Lushoto inalisha miji: kabichi, karoti, viazi, matunda. Mzigo huo unateremka kwa Fuso na Kenta. Nilivyozoea kuona, magari hupanda matupu asubuhi, hupakia mchana, na huteremka kuanzia alasiri yakiwa yameelemewa ili yawahi soko la mjini alfajiri. Kwa hiyo kwenye barabara kubwa mimi huendesha kati ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa tatu. Baada ya hapo naingia njia za pembeni, na kufika saa kumi niwe nimeshafika ninakolala.

Gulio linageuza kila kitu. Kijiji kilichokuwa kimya Jumatatu, siku ya gulio lake kinajaa pikipiki, punda na watu wenye vikapu kichwani. Kila kijiji kina siku yake, kwa hiyo uliza jioni unapofikia: "Kesho gulio liko wapi?" Halafu elekea kwingine. Au nenda gulioni makusudi, ukiwa umeshuka kwenye baiskeli.

Hatua ya 5: Uliza swali sahihi

Ukiuliza "Ni mbali?" utajibiwa "Si mbali, hapo tu," na hapo tu inaweza kuwa milima miwili. Simama kabisa, mguu chini, uamkie kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na mlima."

"Asante mama. Njia hii inatokea Migambo?"

"Inatokea."

"Magari yanapita?"

"Hapana, pikipiki tu. Na mvua ikinyesha hata hizo hazipiti."

Katika jibu hilo la mwisho umepewa kila ulichohitaji. Pikipiki zikipita, baiskeli itapita. Gari lisipopita, umepata utulivu. Na umeshajua cha kufanya wingu likijikusanya. Udongo mwekundu wa huku ukilowa unashika tairi kama ugali, kisha unateleza, kwa hiyo msimu wa masika, Machi hadi Mei, mimi sitoki kwenye lami. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, na Januari na Februari.

Hatua ya 6: Anza na njia hizi tatu

Lushoto hadi Irente. Kama kilomita sita kwenda, hazitakuua. Ukifika kwenye ukingo wa jabali utaona tambarare chini yako, na upepo wa joto unapanda kutoka huko. Ni njia ya kupimia breki na mapafu.

Lushoto hadi Magamba, kisha upande wa Migambo. Hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Unapanda kutoka mjini hadi kwenye msitu, na pale Magamba njia inagawanyika: moja inaelekea Lukozi na Mtae, nayo ina magari ya mboga, nyingine inaelekea Migambo. Shika ya Migambo. Asubuhi ukungu unakuwa bado umelalia miti, na mara nyingi mbega wanaruka juu ya barabara, manyoya meupe yananing'inia mabegani. Endesha polepole, usipige kengele. Ukitaka kuingia njia za ndani ya hifadhi ya msitu huo, pitia kwanza ofisi yake uulize utaratibu wa kibali.

Soni kuelekea Bumbuli. Vilima haviishi, unapanda na kushuka siku nzima. Upande huu ndiko iliko Vuga, makao ya kale ya watawala wa Wasambaa wa ukoo wa Kilindi, na mbele kuna mashamba ya chai. Nenda na chakula chako.

Mtae iache hadi miguu izoee. Ni zaidi ya kilomita 50 kutoka Lushoto na lazima ulale huko.

Hatua ya 7: Kupanda

Kaa kwenye siti, gia ndogo, pumua kwa namna ambayo bado unaweza kuamkia watu. Kama huwezi kusema "shikamoo" bila kukata pumzi, unakwenda mbio mno. Kunywa maji kabla ya kiu.

Hatua ya 8: Kuteremka

Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Bana breki zote mbili kwa nguvu, hesabu moja mpaka tatu, achia kidogo ringi zipoe, bana tena. Usizishikilie mfululizo kama nilivyofanya mimi. Sogeza makalio nyuma ya siti, pedali ziwe sawasawa, viwiko vikunjike. Kwenye changarawe usiguse breki ya mbele ukiwa umelala upande.

Baki kushoto hata njia ikiwa tupu. Kwenye kila kona isiyoonyesha mbele, piga kengele na uchukulie kwamba kuna mtoto, mbuzi au pikipiki yenye magunia matatu inayokuja katikati ya barabara. Mara nyingi huwa ipo.

Mteremko ukizidi dakika kumi, simama. Gusa ringi kwa mgongo wa kidole, haraka. Zikiwa za moto, kaa chini, nunua matunda kwa watoto walio kando ya njia, subiri zipoe.

Ukifika, kabla hujaoga, geuza baiskeli. Pangusa vumbi jekundu kwenye mnyororo kwa kitambaa kikavu, utie mafuta matone machache. Kisha chukua ncha ya kisu ung'oe vijiwe vilivyojichomeka kwenye raba za breki, maana kesho vitakuwa vinakula ringi.