Fimbo ya pool imepinda? Soma hii kabla utupe

Wasee wengi wakishuku fimbo wanaibiringisha mezani ikiwa nzima, alafu ikirukaruka wanasema imeisha. Zii. Fungua hiyo kitu, biringisha kila kipande peke yake, uangalie ncha kama inapanda na kushuka. Vipande vyote vikiwa sawa basi shida iko pale zinaungana, pengine ni uchafu tu umekwama, pangusa ufunge tena.

Sasa kama ni kipande cha mbele kimepinda kidogo, cheza tu, mpira hautajua. Ikiwa imepinda sana kuna fundi atakuambia ataipasha mvuke ainyooshe na goti, na kweli inaweza nyooka, lakini mbao huwa inarudi pole pole, kwa hivyo mi naona pesa hiyo uweke ya kununua kipande kipya cha mbele cha maple (aina ya mbao ngumu), ila hakikisha skrubu zinaingiana, kwa sababu si zote ziko saizi moja.

Mbao inapindwa na unyevu na joto. Usiiache kwa buti ya gari imepaki juani huko Industrial Area, usiioshe na maji, na usiiegemeze ukutani wiki nzima, ilaze kwa keisi yake.