Kuhifadhi makala za mtandaoni na kuziandikia madokezo bila kutegemea huduma ya mtu

Makala uliyoisoma leo huenda kesho usiipate. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo 2013 hazikuwa zikipatikana tena miaka kumi baadaye. Huduma za kuhifadhia makala nazo hufungwa. Omnivore iliondoka Novemba 2024, na Pocket, iliyokuwa mali ya Mozilla, ikafuata Julai 2025. Watumiaji wa Pocket walipewa muda wa kupakua vitu vyao, lakini walichopata ni orodha ya viungo, si maandishi ya makala zenyewe. Kama ukurasa wa asili ulishafutwa, kiungo hicho hakina kazi tena.

Kwa hiyo hapa tunaanza na faili inayokaa kwenye kompyuta yako. Huduma ya mtandaoni itakuja baadaye, na si lazima.

Hatua ya 1: Weka SingleFile

Ni kiendelezi cha bure, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kinapatikana kwa Chrome, Edge na Firefox. Kipakue kutoka duka rasmi la viendelezi la kivinjari chako, kisha ubandike aikoni yake kwenye upau wa juu ili isijifiche.

Wakati wa kukiweka, kivinjari kitakuonya kwamba kiendelezi kinaomba kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote. Onyo hilo lichukulie kwa uzito kwa kila kiendelezi, kwa sababu chenye ruhusa hiyo kinaweza kuona hata ukurasa wa benki yako. Kwenye Chrome na Edge, fungua mipangilio ya kiendelezi na uchague kifanye kazi pale tu unapokibofya. Viendelezi usivyovitumia tena vifute kabisa.

Hatua ya 2: Hifadhi ukurasa

Fungua makala na uisogeze taratibu hadi chini kabisa, maana tovuti nyingi hupakia picha pale tu msomaji anapozifikia. Funga vidirisha vya matangazo na vya vidakuzi (cookies), kisha bofya aikoni. Baada ya muda mfupi utapata faili moja ya HTML, aina inayofunguliwa na kivinjari, picha na mpangilio vyote vikiwa ndani yake. Zima intaneti uifungue: inapaswa kuonekana kama ulivyoiona mtandaoni.

Anwani ya asili na tarehe ya kuhifadhi huandikwa mwanzoni mwa msimbo wa faili. Fungua faili hiyo kwa programu ya kuhariri maandishi tu, utaziona mistari ya juu kabisa. Hilo ni muhimu sana kwa yeyote atakayenukuu makala hiyo baadaye.

Jambo moja la tahadhari: SingleFile huhifadhi unachokiona wewe. Kama umeingia kwenye akaunti, jina lako au picha yako kwenye kona ya ukurasa vitaingia pia. Kagua kabla ya kumtumia mtu mwingine.

Hatua ya 3: Andika madokezo ndani ya faili

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi wanapopita haraka. Bofya kulia kwenye aikoni ya SingleFile, chagua amri ya kuandika madokezo na kuhifadhi ukurasa. Kihariri kitafunguka kwenye kichupo (tab) kipya, kikiwa na kalamu za kuangazia za rangi kadhaa, vikaratasi vya kubandika na zana ya kukata sehemu usizozihitaji. Ukimaliza, hifadhi. Madokezo yako yanakuwa sehemu ya faili, na kivinjari chochote kitayaonyesha.

Ipe kila rangi kazi moja na usiibadilishe. Mimi hutumia njano kwa hoja kuu, waridi kwa ninachokitilia shaka na buluu kwa takwimu. Ukiangazia nusu ya makala, hujachagua kitu.

Dokezo lenyewe liwe sentensi kamili. "Muhimu!" halitakusaidia chochote baada ya miezi sita. Tuseme umehifadhi habari inayotaja ile asilimia 38 ya Pew. Iangazie kwa buluu, kisha bandika kikaratasi: "Hii ni kwa kurasa za 2013 pekee. Kwa kurasa zote zilizokuwepo kati ya 2013 na 2023, zilizopotea ni robo. Nisizichanganye." Dokezo la namna hiyo linakuepusha na kosa ambalo waandishi hulirudia mara kwa mara.

Hatua ya 4: Kusoma na wenzako

Kama mnasoma makala moja mkiwa kikundi, tumieni Hypothesis, huduma ya mtandaoni ya kuandika madokezo juu ya kurasa za wavuti. Ni ya bure kwa msomaji wa kawaida. Chrome ina kiendelezi chake. Kwenye Firefox hutumika alamisho (bookmark) maalumu unayoiburuta kwenye upau wa alamisho. Fungua akaunti, teua maneno kwenye makala, na uchague kuangazia au kuandika dokezo.

Angalia kitufe cha kuchapisha kabla hujakibonyeza. Maneno unayoyaangazia tu huyaona wewe peke yako, lakini dokezo huenda kwa umma usipobadilisha. Bofya mshale ulio kando ya kitufe na uchague "Only Me", au unda kikundi cha faragha na uwaalike wenzako.

Hypothesis haihifadhi makala. Inakumbuka maneno uliyoyateua pamoja na maneno machache ya kabla na baada yake, kisha inayatafuta kila ukurasa unapofunguliwa. Mhariri akiiandika upya aya hiyo, dokezo hukosa pa kushika na huwekwa kando pamoja na mengine yaliyopoteza mahali pake. Ukurasa ukifutwa, utabaki na dokezo na maneno uliyoyateua, si makala nzima. Basi fanya hatua ya 2 kwanza, halafu ndipo mjadiliane.

Mjadala ukiisha, fungua sehemu ya kushiriki kwenye upau wa pembeni, hamisha madokezo yote kama faili ya maandishi, na uiweke folda moja na nakala ya makala.