Kuipa GIF sura ya Polaroid ya zamani
Unapohariri picha mjongeo ya GIF mtandaoni ili ifanane na Polaroid, yaani picha ya papo hapo yenye ukingo mweupe, ikate kwanza iwe mraba, fifisha rangi zake kidogo kuelekea manjano, na ukingo mweupe uuweke mwishoni kabisa, kwani ukitangulia nao utageuka manjano. Kwa picha ya pikseli 400, acha takriban pikseli 25 juu na ubavuni, na 100 chini, kwa kuwa filamu ya Polaroid SX-70 ina picha ya milimita 79 ndani ya karatasi ya 88 kwa 107. Chenga za filamu, yaani vidoadoa vya picha za zamani, ingawa zinavutia, ziache: hubadilika katika kila fremu (picha moja ya mfuatano) na kuliongezea faili uzito. Mbinu hii hushindwa kwenye machweo, kwani GIF hubeba rangi 256 tu kwa fremu, hivyo anga laini huonekana kama matabaka.